Funza wa nta au funza wa unga: plastiki ya mji wa Moshi tumpe nani aile?

Kwa kasi ya kula plastiki, funza wa nta, yaani buu wa nondo wa nta, anaongoza. Mwaka 2017 mtafiti Federica Bertocchini na wenzake waliripoti kuwa funza 100 hivi walipunguza mfuko wa polithini kwa miligramu 92 ndani ya saa 12. Ila ndiye huyuhuyu anayetafuna masega mizingani; mwambie mfuga nyuki wa Old Moshi kwamba unamfuga, uone atakavyokujibu!

Funza wa unga, ambaye ni buu wa mbawakawa, hula povu gumu la kufungashia televisheni: 100 humaliza miligramu 34 hadi 39 kwa siku. Ni kidogo, lakini anaridhika na beseni la pumba, mradi asifike kwenye unga wako. Ningeanza na huyu, japo gunia moja la taka za soko la Mbuyuni litamshinda.