Keycloak kwenye ofisi yenye makarani wa msimu

Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Vituo vyetu vya kununulia viko Singida na Kibaigwa. Mavuno yakianza tunachukua makarani wa muda, ghala likijaa wanaondoka. Zamani kila karani alikuwa na nywila ya mizani, ya stoo, ya barua pepe na ya uhasibu, zote kaziandika nyuma ya kitabu cha stakabadhi. Siku hizi tunatumia programu iitwayo Keycloak: unaingia mara moja, programu nyingine zinakutambua.

Wengi wanasifia kupungua kwa nywila za kukumbuka. Sawa, lakini mimi nimeipendea kufunga. Karani akimaliza mkataba nazima akaunti moja, basi (isipokuwa kwenye uhasibu, nitaeleza). Ila aliyekwisha kuingia kwenye programu fulani anaweza kubaki humo mpaka muda wake uishe, kwa hiyo fupisheni muda huo.

Ni ya bure, toleo lake la kwanza lilitolewa na kampuni ya Red Hat mwaka 2014, na msimbo wake uko wazi. Hiyo bure isikudanganye: seva utatafuta wewe, masasisho utaweka wewe, na ikizimika hakuna anayeingia popote. Ndiyo maana tumeikodishia seva nje ya ofisi, umeme wa Kizota usituamulie. Pia kila programu ina akaunti moja ya msimamizi isiyopitia Keycloak kabisa.

Tumeongeza na zile namba sita za kwenye simu za kuthibitisha anayeingia, zinazobadilika kila sekunde 30. Makarani walilalamika kwamba zitakula bando. Wapi! Simu inazikokotoa yenyewe kwa kufuata saa, hata pasipo mtandao. Saa ikienda kombo, namba zinakataliwa.

Kilichonikera si Keycloak, ni muuzaji wa programu yetu ya uhasibu. Inakubali SAML 2.0, kiwango cha tangu mwaka 2005 cha kuunganisha programu na mfumo wa kuingia kama Keycloak, lakini ameifungia kwenye kifurushi cha bei ya juu, pamoja na makorokoro ya kampuni kubwa ambayo hatutayagusa. Matokeo yake, penye fedha ndipo palipobaki na nywila ya peke yake, na kila karani akiondoka lazima niende huko kumfuta kwa mkono. Nimeshamwambia bosi: mkataba na muuzaji huyo ukiisha, tunahama.