Tathmini ya mzazi: kliniki ya usemi ya watoto katika kituo cha afya cha serikali

Kwa muda wa miezi sita nimekuwa nikimpeleka mwanangu wa miaka mitatu na nusu katika kliniki ya tiba ya usemi na lugha, inayofunguliwa mara moja kwa wiki kwenye kituo cha afya kilicho umbali wa teksi mbili kutoka kwetu Bombo, Uganda. Matibabu hayana malipo. Kinachogharimu ni nauli na siku nzima ya kazi.

Nilikwenda nikitarajia akatwe kile kiuzi cha chini ya ulimi, kama majirani walivyonishauri. Mtaalamu, ambaye foleni nzima humwita musawo, yaani daktari kwa Kiganda, alimulika kwa tochi, akampaka asali kidogo juu ya mdomo, mtoto akairamba bila taabu, na habari ya kukata ikaishia hapo. Kisha akatuandikia barua ya kwenda kupimwa masikio Kampala kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu majimaji yakibaki nyuma ya ngoma ya sikio baada ya maambukizi, mtoto husikia maneno kwa ufifi, na asichokisikia vizuri hawezi kukitamka.

Nyumbani tunasema Kinubi, lugha ya Wanubi wa huku kwetu, na Kiswahili, na Kiganda huingia na watoto wa jirani. Nilikuwa nimekwisha kupiga marufuku Kinubi, nikiamini kwamba wingi wa lugha ndio uliomfunga ulimi. Musawo alikanusha na kututaka tuzirudishe zote. Nilipolalamika kwamba hata dada yake husema "kalibu", alicheka: katika Kiganda sauti ya r hufuata e na i, kwingineko huwa l, kwa hiyo msichana alikuwa akifuata kanuni ya wenzake wala hakuwa na kasoro. Mtaalamu asiyezijua lugha za hapa angeweza kumtibu mtoto asiyeumwa.

Tiba yenyewe hufanyika mkekani, na mwanafunzi wake mkubwa ni mzazi. Mimi nilizoea kumwandama mtoto kwa maswali: hii nini, sema mpira, sema tena. Siku moja musawo aliniambia, "Mama, nyamaza kwanza, hesabu mpaka kumi," akanipa mpira niushike bila kuurusha. Nilipofika saba, mtoto aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni, akasema "mpi". Nikaurusha mara moja, nikalitaja neno zima, tukaanza upya. Nimewahi kulipia dawa nyingi ambazo hazikunipa hata nusu ya neno lile.

Kasoro zipo, na si ndogo. Chumba hutumiwa pamoja na watu wa chanjo, kwa hiyo mtoto anayejaribu kutoa sauti yake ya kwanza hushindana na vilio vya wanaochomwa sindano. Kadi za picha zimetoka ng'ambo. Mwanangu alionyeshwa mtu wa theluji akabaki ameduwaa, nami pia. Maelekezo ya kwenda nayo nyumbani yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayeshinda na mtoto ni mama yangu, ambaye husoma Kiswahili na Kiarabu. Zaidi ya hayo, musawo ni mmoja tu, na alipokuwa likizo tulikuta kufuli mlangoni bila hata karatasi ya taarifa. Najua wataalamu hawa ni haba, kwani Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008 tu, lakini kubandika karatasi mlangoni hakuhitaji shahada.

Atakayekwenda afike kabla ya saa mbili asubuhi, abebe kitu ambacho mtoto hukichezea nyumbani, na afuatane na yule anayeshinda naye. Mimi nilimpeleka mama yangu katika safari ya tatu, na sasa yeye huhesabu mpaka kumi na tano.