Mfuko wa wahitaji kanisani: huduma inayostahili alama za juu

Kati ya huduma zote za kanisa, mfuko wa kuwasaidia wahitaji ndio tunaoupa alama za juu, mradi uendeshwe sawasawa. Yakobo 2:15-16 inamkemea anayemwambia ndugu asiye na nguo wala riziki aende kwa amani, asimpe kitu. Mfuko mzuri haumwambii mwenye njaa asubiri kikao cha mwezi ujao.

Sadaka yake ikusanywe kando, ihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, iandikwe daftarini, wote watie saini. Paulo mwenyewe alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine kushughulikia mchango, ili asiwepo wa kumlaumu (2 Wakorintho 8:16-21). Mhitaji atembelewe na wawili, asikilizwe kwanza. Kama shida ni kodi au dawa, alipwe mwenye nyumba au duka la dawa moja kwa moja.

Kasoro kubwa ni upendeleo. Katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahaulika katika mgawo wa kila siku, na kanisa likachagua watu saba wenye sifa njema wasimamie. Mifuko mingi huharibikia hapo hapo: wanaojulikana hupata tena na tena, mgeni wa kiti cha nyuma haulizwi hata hali. Kamati ikipitia daftari kila mwezi, upendeleo hujitokeza upesi.

Kumpiga mtu picha akipokea msaada ni kumvunjia heshima. Hilo hatulikubali kabisa.