Mfongo, amana na makato: miaka minne ya Upwork na Fiverr nikiwa Moshi

Neno lililonipatia mteja wangu wa kudumu ni mfongo. Mtafiti mmoja wa Uholanzi alikuwa na saa kumi na moja za sauti, wazee wa Old Moshi na Kibosho wakieleza jinsi maji yanavyogawanywa kutoka mtoni mpaka vihambani. Mtu aliyempa kazi ya kuigeuza sauti hiyo kuwa maandishi mwanzoni aliandika "mfuko" kila mzee aliposema mfongo. Kurasa nzima nzima, wazee wanasafisha mfuko, wanagombea zamu ya mfuko, wanasimulia babu alivyochimba mfuko. Mtafiti akaweka tangazo jipya Upwork, tovuti ya kutafutia kazi, akitafuta mtu anayekijua Kiswahili cha uchagani. Nilimwandikia sentensi nne tu: mfongo ni mfereji wa asili wa kuleta maji, kihamba ni shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, mimi nimelelewa nikichota maji ya mfongo, nitumie dakika tano za sauti nikuoneshe. Alijibu kabla sijalala.

Naanza na hilo kwa sababu hapa mjini watu wakiniuliza habari za kazi za mtandaoni huuliza jambo moja tu. Mama Brayan, jirani yangu hapa mtaa wa Soweto, ameshaniuliza mara tatu: "Dada, hivi kweli unakaa ndani tu na hela inaingia?" Inaingia, Mama Brayan. Lakini nimeona nieleze kwa kirefu ninachokatwa na ninachokipata, maana wengi wanaozisifia tovuti hizi wanauza kozi, na wengi wanaozilaani hawakumaliza hata mwezi.

Mpaka Machi 2020 nilikuwa karani katika kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Corona ilipoingia wageni wakafuta safari, wapagazi wakarudi vijijini, na sisi wa ofisini tukaambiwa tusubiri kupigiwa simu. Niliisubiri simu hiyo mpaka Januari 2021. Nilichokuwa nacho ni laptopu ya ofisi niliyouziwa kwa bei ya chini, Kiingereza cha kuandikiana na wageni, na vidole vyepesi. Nikafungua akaunti Upwork, na miezi michache baadaye Fiverr.

Kwa asiyezijua: Upwork ilizaliwa baada ya tovuti za Elance na oDesk kuungana mwishoni mwa 2013, jina hili likaja 2015. Mteja anatangaza kazi, wewe unaomba. Kuomba si bure. Unatumia vipande vinavyoitwa Connects, kimoja senti 15 za Marekani, na kazi moja inaweza kula kumi au zaidi. Akichaguliwa mwingine, vyako vimekwenda. Fiverr, iliyoanzia Israeli mwaka 2010, ina mpango tofauti: unapanga huduma yako na bei yake kama mama wa soko la Mbuyuni anavyopanga mafungu ya nyanya, mteja anapita anachagua. Kwa mtengeneza nembo au mhariri wa video nadhani hiyo ni nzuri. Kwa kazi za Kiswahili, wapita njia wangu pale walikuwa wachache, kwa hiyo maneno mengi hapa ni ya Upwork.

Sasa makato. Fiverr inachukua asilimia 20 ya kila kazi, iwe ya dola 10 au ya 1,000. Upwork, nilipoingia, ilichukua asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kwa kila mteja, ndipo ikashuka hadi 10. Sisi wa kazi ndogo ndogo tuliumia, maana mteja wa kutafsiri dodoso hafikishi dola 500 hata siku moja. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa dodoso la kurasa mbili kwa dola 15, nikabaki na 12. Mei 2023 wakaweka asilimia 10 kwa kila mtu, na nilifurahi kweli kweli. Tangu Mei 2025 mikataba mipya inakatwa kati ya asilimia 0 na 15 kutegemea kazi yenyewe, na kiwango unakiona kabla hujaomba. Kiangalie. Mtu anayepanga bei bila kukiangalia anajipunja mwenyewe.

Hesabu yangu mimi ni hii. Natoza dola 1 kwa dakika moja ya sauti. Mahojiano ya saa moja ni dola 60. Kwa makato ya asilimia 10 nabaki na 54, kwa ya Fiverr ningebaki na 48. Sauti safi ya saa moja inanichukua saa tano kuiandika. Sauti ya wazee wanne wanaoongea kwa pamoja chini ya mgomba, jogoo anawika na pikipiki inapita, hiyo ni saa nane. Kwa hiyo saa yangu moja ya kazi inanipa kuanzia dola 7 kasoro mpaka 11 kasoro. Ukarani haukuwahi kunipa hivyo. Lakini ukarani ulikuwa na mshahara kila mwezi, na huku kuna miezi nimeandika dakika tisini tu.

Tuje kwenye kitu ninachokilipia hasa. Si matangazo ya kazi, hayo hata kwenye makundi ya WhatsApp yapo. Ninalipia amana. Kiswahili kina neno lake tangu zamani: mali anayoshika mtu kwa ajili ya mwenzake, bila ruhusa ya kuitumia. Mteja akiniajiri kwa bei moja ya kazi nzima, fedha inatoka kwake na kushikiliwa na Upwork kabla sijaandika hata mstari. Nikikabidhi kazi, ana siku 14 za kuikagua. Akikaa kimya mpaka zikaisha, fedha inaachiliwa yenyewe, na baada ya siku nyingine 5 naweza kuihamisha. Kazi ikiwa kubwa tunaigawa awamu, kila awamu na amana yake, nami sianzi awamu ambayo amana yake haijaingia. Mteja mwema haoni vibaya ukimwambia hivyo.

Mwaka 2023 nilimfanyia mtu wa Canada manukuu ya filamu fupi ya mambo ya kilimo, dola 140. Nikakabidhi Jumatatu. Kimya. Alhamisi nikamwandikia, kimya. Wiki ya pili shule zilikuwa zinafunguliwa, mwanangu anahitaji viatu na madaftari, na mimi nafungua ukurasa ule asubuhi na jioni. Angekuwa mdeni wa Majengo ningekwenda kukaa barazani kwake mpaka atoke. Huyu wa Canada ningemwendea wapi? Sijui sura yake, sijui mtaa wake. Siku ya kumi na nne ikapita. Nilipoamka, zile dola 140 zilikuwa zimesogea upande wangu. Mwezi uliofuata akaandika kuomba radhi, alikuwa amelazwa hospitali. Hakuwa tapeli hata kidogo. Lakini mtoto wangu hakuhitaji kusubiri mgonjwa apone ndipo apate viatu, na hiyo ndiyo sababu siyaonei uchungu makato.

Thamani ya amana niliijua vizuri kwa sababu mwaka mmoja nyuma niliwahi kuikimbia. Mteja niliyekutana naye kwenye soko mojawapo la kazi alinisifia, akasema makato ni wizi, tuhamie Telegram atanilipa dola 2 kwa dakika bila mtu wa katikati. Nikahama. Niliandika mafaili tisa kwa siku kumi na mbili, nikilala saa nane usiku. Faili la tisa lilipomfikia, akaunti yake ikafutika. Dakika 430, dola 860, karibu shilingi milioni mbili kwa bei ya dola ya wakati ule. Sikuwa na mkataba wala amana, na kuwalalamikia wenye soko kungekuwa kujishtaki, maana masharti yao yanakataza kulipana nje. Nyumbani sikumwambia mtu kwa miezi miwili. Siku hizi vijana wanaosoma chuo wakinionesha ujumbe wa mteja anayetaka Telegram kabla ya mkataba, au anayedai dola 30 "za vifaa" ndipo akupe kazi, nawaambia wafunge mazungumzo hapo hapo. Mwajiri wa kweli hakudai fedha.

Kuna pia mikataba ya kulipwa kwa saa. Unaweka programu kwenye kompyuta, unaiwasha unapoanza kazi, nayo inapiga picha ya skrini yako karibu kila baada ya dakika kumi na kuhesabu unavyobonyeza. Rafiki yangu wa Arusha, anayefanya kazi za hesabu, aliikataa kwa kuona ni kuchungulia mtu. Namwelewa, ila mimi naitumia, maana saa zilizorekodiwa na programu hiyo ndizo zenye ulinzi wa malipo. Saa ulizoandika kwa mkono hazina. Jambo la kukumbuka ni kwamba wiki yao inafungwa Jumapili usiku kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na huku kwetu hiyo ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Fedha ya wiki hiyo inafunguka siku kumi baada ya kufungwa, yaani Jumatano ya wiki ya pili baada yake. Panga kodi ya nyumba yako kwa hesabu hiyo.

Mvua za masika umeme unakatika, hilo kila mtu wa Moshi analijua. Nilinunua betri mpya ya laptopu kabla ya kununua hedifoni nzuri, na sijutii. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano chini ya bahari zilipokatika na intaneti ya nchi ikazorota, nilikuwa na kazi ya kukabidhi jioni ile. Ujumbe wa mistari miwili ulichukua karibu saa nzima kwenda. Mteja alikuwa ameshasoma habari, akaniongezea siku tatu. Tangu hapo kila ninapokubali kazi naomba siku moja zaidi ya ninazohitaji, na hakuna aliyewahi kunikatalia.

Kuhusu kuitoa fedha, nilipoanza PayPal ya Tanzania ilikuwa ya kulipia, si ya kupokelea, kwa hiyo nilitumia Payoneer, huduma ya kupokea fedha kutoka nje, kisha benki. Tatizo langu halikuwa huko, lilikuwa kwenye benki ya hapa, ambayo wakati wa kunifungulia akaunti iliacha jina langu la katikati. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kina majina matatu, benki mawili. Kusahihisha kulichukua wiki mbili na safari nne za bodaboda, na fedha yangu ya kwanza ilinisubiri huko nje muda wote huo. Kabla hujafungua akaunti yoyote ya mtandaoni, weka kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki mezani, usome herufi kwa herufi. Pia usihamishe dola 20 kila wiki. Kila daraja linakata, kwa hiyo mimi nangoja zifike 200.

Mashine zimebadilisha kazi hii, na ningekuwa mwongo nisiposema. Kazi za kutafsiri barua za kawaida nazipata kwa nadra sasa. Zinakuja kama "kusahihisha", kwa bei ya chini, na mara nyingine kusahihisha kunanichosha kuliko kuandika upya, maana sentensi inasomeka vizuri ilhali maana imepotea. Kinachoniweka mjini ni yale ambayo mashine bado inayasikia vibaya: mzee wa Rombo anayeanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kichagga, bibi anayetaja mbege na mtori na jina la ukoo wa mume wake kwa pumzi moja. Nashauri kila anayetaka kuanza ajiulize anajua nini ambacho mtu wa mbali hawezi kukikisia. Mimi niliomba kazi 31 kabla ya kupata ile ya dola 15, na thelathini za kwanza zilianza kwa maneno yale yale, kwamba mimi ni mchapakazi na mwaminifu. Ya thelathini na moja nilimsahihishia mteja swali moja la dodoso lake humo humo kwenye ombi.

Upwork naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya Connects: binti aliyemaliza chuo juzi, asiye na kazi, analipia haki ya kuomba kazi. Ningependa wangempa miezi sita ya kwanza bila gharama hiyo. Fiverr naipa tatu, na sababu ni asilimia 20 kwa kazi za bei ndogo. Anayeuza michoro huenda akaipa zaidi, naye atakuwa sahihi kwa kazi yake.

Jana mtafiti wangu wa Uholanzi ameweka amana ya awamu mpya, dola 150, mahojiano ya Mwika. Sauti nimeshaipakua. Naanza leo saa tatu usiku, mtoto akishalala.