Vizingiti vya vishada katika FSL: kati ya FEAT na randomise

Anayefungua FEAT, sehemu ya FSL, programu ya kuchambua picha za ubongo iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oxford, hukuta kwenye ukurasa wa Post-stats namba mbili zilizokwisha kujazwa: kizingiti cha 3.1 cha Z (kipimo cha nguvu ya ishara ikilinganishwa na kelele) na kiwango cha 0.05 cha kukubali kishada. Ya kwanza ndiyo yenye uzito, kwa kuwa huamua ni vokseli zipi (vijisanduku vidogo vinavyounda picha ya ubongo), zikigusana, zihesabiwe kishada kimoja, kabla programu haijauliza kama kishada kikubwa kiasi hicho kingeweza kutokea kwa bahati tu.

Zamani namba hiyo ilikuwa 2.3, na iliwaponza wengi. Mwaka 2016 Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walichukua picha za MRI za watu 499 wenye afya, zilizopigwa wakiwa wamepumzika, wakawagawa makundi kwa nasibu, wakaonyesha kwamba katika baadhi ya mipangilio FSL na programu nyingine mbili za aina hiyo, SPM na AFNI, zingeweza kuripoti tofauti zisizokuwapo katika hadi asilimia 70 ya uchambuzi, ilhali zilipaswa kukosea katika asilimia 5 tu. Hesabu zilichukulia kwamba kufanana kwa vokseli jirani hufifia kwa umbo la Gauss (mkunjo wa kengele), kumbe katika data halisi hufifia polepole zaidi, na vishada vikubwa hujitokeza bila sababu. Kizingiti cha 3.1 kimepunguza tatizo hilo sana.

Hata hivyo, kwa matokeo ya kuchapishwa ningechagua zana ya randomise, iliyomo humo humo ndani ya FSL. Yenyewe huchanganya upya lebo za makundi, kwa kawaida mara 5,000, na kujenga kipimo chake kutokana na data iliyopo; ukiongeza TFCE, mbinu inayoipa kila vokseli alama kulingana na nguvu na ukubwa wa eneo linaloizunguka, hulazimiki hata kuchagua kizingiti cha kuundia vishada. Hula muda, na kwa kundi moja pekee, ambapo hakuna lebo za kuchanganya, hugeuza alama za chanya na hasi, jambo linalodai makosa ya data yasiegemee upande mmoja.

Kinachoniudhi zaidi ni jedwali la FEAT. Huorodhesha viratibu vya kilele cha kila kishada, na msomaji hudhani nukta hiyo ndiyo iliyofaulu mtihani, ilhali kilichothibitishwa ni kwamba mahali fulani ndani ya kishada, ambacho huenda kimemeza maeneo kadhaa ya ubongo, pana ishara. Sentensi moja ya onyo juu ya jedwali hilo ingetosha.