Hedifoni za bei nafuu kwa msafiri wa Dar: zipi ununue, zipi uziache

Anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta anajua asubuhi ya Dar inavyokwenda. Kwangu ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, siku tano kwa wiki. Ndizo saa ninazosikiliza habari, mawaidha, masomo ya sauti na muziki, na kwa hiyo hedifoni nazichukulia kwa uzito uleule ninaouchukulia mwavuli wakati wa masika. Ndugu na wafanyakazi wenzangu wakitaka kununua huniuliza swali moja: "Nina elfu kumi na tano, nichukue zipi?"

Wauzaji wengi watakuonyesha besi kwanza. Watakuwekea wimbo wenye ngoma nzito, sauti juu kabisa, nawe utatabasamu. Lakini dukani hakuna injini ya daladala, hakuna honi, hakuna konda anayegonga bodi. Hedifoni za safari zichague kwa namna zinavyoziba sikio. Zikiziba vizuri, utasikiliza kwa sauti ya chini na kila neno utalipata. Zisipoziba, utapandisha sauti mpaka ishinde injini, na hapo unayaumiza masikio yako bila kujua.

Hesabu yake iko wazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na kwa mtoto kipimo ni desibeli 75. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda salama unapungua kwa nusu. Safari zangu ni saa 20 kwa wiki, kwa hiyo nikiwa kwenye desibeli 83 tayari nimetumia kipimo changu chote cha wiki. Nikipandisha hadi 89 ili niishinde kelele ya barabarani, nabakiwa na saa 5 tu, yaani Jumanne asubuhi kabla sijafika ofisini nimeshamaliza. Masikio hayana spea. Ndiyo sababu ninapanga hedifoni kwa kuangalia kwanza uzibaji, halafu uimara, halafu chaji, na besi naiacha mwisho.

Nafasi ya kwanza: za waya, zenye vipira vya kuingia sikioni

Najua wengi hawatapenda jibu hili. Waya unaonekana wa kizamani. Lakini kwa bajeti isiyozidi elfu kumi na tano hakuna kinachoushinda, na sababu ni rahisi: pesa yako yote inaingia kwenye spika na maiki. Kwenye zile zisizo na waya, pesa hiyohiyo ndogo inagawanywa kwa betri, Bluetooth, kisanduku na mapambo, na spika inabakiwa na makombo.

Kuna faida nyingine ambayo mtu wa Dar anaielewa haraka. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa hedifoni kama antena. Ukichomeka, unapata taarifa ya habari ya asubuhi au mpira wa jioni bila kula hata MB moja ya bando. Na umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi hedifoni yako haikuulizi kama uliichaji.

Angalia pini kwa makini kabla ya kulipa. Yenye mistari mitatu ina maiki, yenye miwili haina. Chagua pini iliyopinda kama herufi L, kwa sababu iliyonyooka hupindwapindwa mfukoni kila unapokaa na kuinuka, na hapo ndipo nyingi hufia: upande mmoja unaanza kukatakata, unaushika waya kwa vidole ili sauti irudi, wiki ya pili umekwisha. Waya uliosukwa kwa uzi hudumu kuliko wa plastiki laini. Na vipira viwe vya saizi tatu ndani ya boksi, kidogo, cha kati na kikubwa. Zile ngumu za plastiki zisizo na kipira, zinazouzwa kwenye mataa kwa bei ya soda mbili tatu, haziwezi kuziba sikio hata zikiwa nzuri kiasi gani. Ziache.

Kama simu yako haina tundu la duara (mtindo huo ulishika kasi baada ya Apple kuliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016) utahitaji za Taipu C. Hizo usinunue bila kuzichomeka kwenye simu yako mwenyewe palepale dukani. Baadhi zina saketi ya sauti ndani yake, baadhi zinaitegemea simu, na si kila simu inaikubali kila aina. Simu ya muuzaji kuikubali hakukusaidii kitu.

Kasoro ya waya ni msongamano. Ukiwa umesimama katikati ya daladala, mkoba wa jirani unaupitia na kuuvuta. Mimi hupitisha waya ndani ya blauzi, utokee shingoni. Isitoshe, waya unaoning'inia unaonyesha simu ilipo, na vishandu hawahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Nafasi ya pili: za shingoni

Ukiweza kuongeza pesa kidogo, hizi ndizo ninazozipenda kwa moyo wote. Ni za Bluetooth, lakini pande mbili zimeunganishwa kwa utepe au waya mfupi unaopita nyuma ya shingo. Kikitoka sikioni, kinaning'inia kifuani. Konda akiuliza nauli, unakitoa kimoja, unajibu, unakirudisha. Hakianguki, hakipotei, na betri yake ni kubwa kuliko ya vile vidude vidogo kwa sababu ina mahali pa kukaa.

Mfano wa kupimia wengine ni Sony WI-C100: chaji yake ni saa 25 na ina kiwango cha IPX4. Kwa saa nne zangu za kila siku, hiyo ni wiki nzima ya kazi kwa chaji moja, na ziada. Herufi hizo zina maana: tarakimu ya mwisho ni ya maji, na 4 maana yake inahimili matone na jasho kutoka kila upande. Kwa joto la Dar la Desemba hadi Machi, jasho linalotiririka nyuma ya sikio ni adui mkubwa kuliko mvua. Boksi lisilosema chochote kuhusu maji, lichukulie kuwa halina kinga. Kampuni za bei ya chini zaidi nazo zina za shingoni. Oraimo, ambayo inatoka kwa wenye Tecno, Infinix na itel, utaikuta kwenye maduka mengi ya simu mjini.

Hakikisha zinachajiwa kwa Taipu C. Zenye tundu la zamani zitakulazimisha kubeba waya wa pili.

Nafasi ya tatu: kubwa za kichwani

Kwa daladala, hapana. Zinabana kichwa, zinaloanisha masikio jasho, ukiziteremsha shingoni unazidi kupata joto, na sponji za ngozi bandia humenyeka vipande vyeusi vinavyoshika kwenye mashavu. Nilizitumia miezi minane, najua ninachosema.

Lakini kama safari zako ni treni ya SGR kwenda Dodoma, boti ya Zanzibar au basi la kutwa kwenda Mbeya, zipandishe hadi nafasi ya kwanza. Umekaa, kuna kiyoyozi, hakuna anayekusukuma. Hapo chaji na uzito ndivyo vya kuangalia. Sony WH-CH520 ina saa 50 na uzito wa gramu 147 tu. JBL Tune 520BT ina saa 57 na inakunjwa, ikaingia kwenye mkoba mdogo. Kumbuka tu kwamba hizi hukaa juu ya sikio bila kulizunguka, kwa hiyo mtu mwenye miwani azivae dukani robo saa nzima kabla ya kuamua, maana mikono ya miwani itamkandamiza. Soundcore Q20i inalizunguka sikio, inapunguza kelele yenyewe, na chaji yake ni saa 40 hata kazi hiyo ikiwa imewashwa. Bei za ukoo huu ziko mbali na elfu kumi na tano, lakini kwa anayesafiri mikoani kila mwezi ni pesa inayorudi.

Nafasi ya nne: eapodi

Naziweka mwisho ingawa ndizo zinazotakwa zaidi. Nazungumzia zile za bei ya chini, zenye kisanduku kinachowaka namba, ambazo watu huziita eapodi hata kama hazina undugu wowote na Apple.

Za kwangu zilikuwa nyeupe. Nilikuwa nashuka Buguruni, daladala imejaa mpaka mlangoni, bega la mtu likanigusa sikio la kushoto. Nilikiona kile kidude kikiruka mara moja kwenye ngazi, kikagonga ukingo wa mtaro, kikazama kwenye maji meusi. Cha kulia kilikuwa bado kinaimba. Nikarudi kwa muuzaji kuomba kimoja tu. Akaniambia haviuzwi kimojakimoja, ninunue jozi nzima. Ndivyo ilivyo kwa karibu zote za bei hiyo.

Mbali na kupotea, betri zake ni ndogo mno na hazibadilishiki kwa fundi. Zinavyozeeka, chaji inapungua, na kwa kawaida upande mmoja unaanza kuisha kabla ya mwingine. Boksi likiandika saa 30, uliza ni saa ngapi bila kisanduku, kwa sababu wanajumlisha chaji zote zilizomo humo. Bila kisanduku zinaweza kuwa nne au tano. Na namba ya Bluetooth iliyoandikwa kwa maandishi makubwa haielezi lolote kuhusu uzuri wa sauti.

Ukizitaka hata hivyo, chukua za kampuni inayojulikana, zenye IPX4 au zaidi, na ndani ya basi lililojaa zivue ubaki umezishika kabla hujasogea mlangoni.

ENC si ANC

Hapa watu wanapoteza pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwenye duka moja Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kijana aliniambia, "Dada, hizi zina ENC, ukivaa husikii honi wala konda." Nilimwomba azivae yeye, nikarudi hatua tatu, nikamwita kwa sauti ya kawaida. "Kaka!" Akaitika.

ENC husafisha sauti yako ili unayempigia simu akusikie bila kelele za barabarani. Ni jambo zuri, lakini faida ni ya aliye upande wa pili. Inayopunguza kelele masikioni mwako ni ANC. Hiyo ina maiki ndogo zinazonasa mngurumo wa nje, kisha inatengeneza mlio ulio kinyume chake, miwili ikakutana na kufutana. Wazo la kuitumia kwenye hedifoni lilimjia Amar Bose akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, na mpaka leo inafanya kazi vizuri zaidi kwenye sauti ya aina ya ndege: nzito, ya mfululizo, isiyobadilika. Injini ya basi, feni, kiyoyozi. Honi, mtoto anayelia na mtu anayenadi dawa ndani ya gari zinapenya. Kwa elfu kumi na tano, kipira kinachokaa sawasawa kitakuzibia zaidi kuliko ANC ya kuandikwa kwenye boksi.

Ukifika dukani

Nenda na simu yako, na sauti mbili unazozijua vizuri. Moja iwe ya mtu anayeongea, kama mawaidha au kipindi cha redio ulichorekodi. Nyingine iwe singeli au taarab, chochote chenye vyombo vingi. Sauti ya mtu ikisikika kama inatoka ndani ya pipa, irudishe. Jaribu vipira vyote vitatu, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto. Kipira kikikaa sawa, sauti za duka zinafifia hata kabla hujabonyeza chochote.

Kisha toka nje, simama ukingoni mwa barabara, mpigie mtu simu. Muulize anasikia wewe au anasikia bajaji. Kama ni za Bluetooth, weka simu mfuko wa nyuma na utembee hatua ishirini. Za hovyo huanza kukatakata hapo. Muuzaji akikataa usitoke nje na mali, mwambie akusindikize. Akikataa na hilo, maduka Kariakoo ni mengi.

Feki za majina makubwa zipo tele. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote uliyopita, usijidanganye kwamba umebahatika. Angalia maandishi ya boksi, herufi zilizokosewa, na kama namba ya mfano iliyo kwenye boksi inafanana na iliyo kwenye hedifoni yenyewe.

Dai risiti ya EFD, na waranti iandikwe tarehe na mhuri. Risiti hizo hufifia zikikaa kwenye pochi na joto letu, kwa hiyo ipige picha kabla hujaondoka kaunta.