Kamera ndogo niliyomnunulia mama, na jibu la dukani ambalo bado linaniwasha

"Kwani bosi, na picha nazo zitatoka Kijapani?"

Hilo ndilo neno lililonikalisha hapa kuandika. Niliambiwa na kijana wa duka moja la simu na kamera pale Kariakoo, mbele ya wateja wanne, mdomo wake umejaa chipsi mayai, na kamera niliyokuwa namrudishia hajaigusa hata kwa kidole. Wateja wakacheka. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikacheka kidogo kwa aibu. Hicho kicheko changu ndicho kinachoniudhi kuliko chao.

Duka silitaji. Kamera nayo jina nitalimeza, maana sitaki kubishana na mtu ambaye yake inamfaa.

Mama ni mwalimu mstaafu, anaishi Muheza. Simu anayo, tena kubwa, lakini ile simu ni ghala la kikundi cha kwaya: video za mazoezi, salamu za asubuhi zenye maua na njiwa, matangazo ya misiba ya watu wasiojulikana. Kila akitaka kupiga picha anaambiwa nafasi imejaa. Nikimwambia afute, anasema hawezi kufuta kitu alichotumiwa na mwenyekiti. Isitoshe, kwake yeye picha haijawa picha mpaka isafishwe na kuingia kwenye albamu. Zamani tulikuwa na kamera ya mkanda, ile ya picha 36, anaupeleka mkanda studio Tanga mjini kisha tunahesabu siku. Sasa vidole vimeanza kukakamaa, simu kubwa inamponyoka. Nikasema basi, kamera ndogo, nyepesi, ya kukaa kwenye mkoba wa kanisani pamoja na Biblia, leso na pipi za wajukuu.

Na nilijiandaa, jamani. Mtu asiseme niliingia Kariakoo kama mgeni. Nilijua kwamba kamera ya kumpa mzee huanzi na megapikseli, unaanza na mkono wake: vitufe visiwe kama punje za mtama, kamba ya kuvaa kwenye kiganja iwepo, na uipime uzito ikiwa na betri ndani, kwa sababu ile ya kwenye kabati la kioo mara nyingi ni ganda tupu. Nilijua pia kwamba mpya za bei ya chini zimeadimika. Simu zilizimaliza, kampuni nyingi zikaacha kuzitengeneza, halafu vijana wakazirudia juzi juzi kwa ajili ya zile picha za flashi kali zenye sura ya zamani, na bei ikapanda. Kwa hiyo nyingi utakazokutana nazo ni mtumba. Winga, yaani dalali wa mtaani, aliyenidaka nilipotoka kituo cha Msimbazi alinipeleka kwanza kwenye moja nyekundu, nzuri kama pete, ila inakula kadi ya kuhifadhia picha aina ya xD. Nikamwambia kaka, hiyo kadi utanitafutia wewe? Ukinunua, hakikisha ni ya kadi ya SD, zile zinazouzwa kila kona. Kisha fungua na ufunge lenzi mara tatu, sikio karibu. Sisi wa pwani tunajua: punje moja ya mchanga ikiingia kwenye ile lenzi inayotoka na kurudi, basi, inakwama katikati kama ulimi wa mtu aliyekufa.

Niliyokuja kuinunua ilifaulu yote hayo. Nyepesi kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichotumika nusu. Ikawaka. Flashi ikatoka. Kijana, siku hiyo mpole kama padri, akanipiga picha na kunionyesha uso wangu mwenyewe. Niliona maandishi madogo pembeni ya kioo yamekaa kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika, lakini nikajisemea, lugha si unabadilisha tu, kama simu? Laki mbili na themanini, akanipunguzia elfu kumi. "Na kadi nimekuwekea humo humo bosi, ofa." Risiti akaandika kwa mkono, chini imepigwa mhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Usiku nikakaa nayo nyumbani. Kwanza chaja: miguu miwili bapa, na soketi zetu ni za matundu matatu. Hilo dogo, chaja imeandikwa 100 hadi 240V, adapta ya elfu tatu ikamaliza kesi. Kisha nikaingia kwenye menyu kutafuta lugha.

Haipo.

Sisemi imejificha. Haipo. Nilipita ukurasa kwa ukurasa, nikaiambia isahau kila kitu ianze upya (nadhani ndicho nilichoiambia), nikachukua simu, nikaielekeza kwenye kile kioo ili initafsirie. Ikaniletea "mpangilio wa risasi". Mke wangu akauliza unamnunulia mama kamera au bunduki. Baadaye nikaja kujua kwamba baadhi ya kampuni hutengeneza toleo la soko la Japani peke yake, na humo lugha nyingine haikuwekwa kabisa. Mara nyingine hata jina hutofautiana. Zile ndogo za Canon, kwa mfano, Japani zinaitwa IXY, Ulaya IXUS, Marekani ELPH, kwa hiyo ukiiona IXY tu umeshajua imetokea wapi. Yangu haikuwa na alama ya kunishtua hivyo. Au ilikuwa nayo, sikuangalia.

Na mimi kushangaa Kijapani ni kujitia tu. Gari yangu yenyewe kila nikiiwasha asubuhi kuna mama wa Kijapani ndani ya dashibodi ananiambia jambo kwa adabu kubwa. Fundi aliwahi kunieleza kuwa analalamika sijaingiza kadi ya kulipia barabara. Miaka yote hiyo ananikumbusha deni la barabara za kwao, na sijawahi kumrudisha dukani. Lakini gari ni yangu. Kamera ni ya mama, na mama ana miaka sitini na kitu.

Ndipo nikarudi, na ndipo nikapewa lile neno. Sikudai pesa, lieleweke hilo. Nilimwomba anibadilishie, hata kwa kuongeza kidogo. Angesema "pole kaka, sikujua", ningeondoka na kamera yangu na leo nisingekuwa naandika. Kutojua si kosa, mimi mwenyewe sikujua. Alichofanya ni kunigeuza kichekesho ili asiguswe, kisha akamgeukia binti mmoja wa chuo, "karibu dada", kama vile mimi ni feni.

Basi, Pasaka inakaribia, sina pesa ya kununua nyingine, nikapanda basi nayo. Njia nzima nimenuna. Mama alipoifungua aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka puani kuinusa, sijui kwa nini, akasema, "Nyepesi." Nikaanza kujitetea kuhusu maandishi. Akanikata: "Wewe nionyeshe pa kubonyeza. Darasa la kwanza nao huja hawajui kusoma." Akatoa daftari, akachora kamera upande wa nyuma, kila kitufe na namba yake. Pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu: namba 4, pipa la taka, USIGUSE.

Wiki za mwanzo nilianza kusema ah, labda nilimwonea yule kijana. Picha zilikuwa nzuri, bora kuliko za simu yake mara kumi. Zilipelekwa kusafishwa, albamu ikaanza kunona.

Kisha kikaja kipaimara cha mjukuu, Magila. Ukoo mzima, askofu, kuku wasiohesabika. Mama alipiga picha zaidi ya mia. Usiku akatoa betri kuichaji, na hapo ndipo ile kamera inapoonyesha uzee wake: betri ikitoka, inasahau tarehe, na ukiirudisha inakuuliza leo ni lini, kwa Kijapani. Yeye alikuwa amekariri, chini mara mbili, kulia, OK. Sijui siku hiyo kidole kilikosea wapi. Akaingia mlango wa jirani. Kikatokea kisanduku chenye maneno mawili, moja juu, moja chini. Ingekuwa imeandikwa "Futa zote?" kwa lugha yoyote aliyofundishwa na mama yake au iliyoachwa na mkoloni, asingebonyeza. Alibonyeza la juu.

Alinipigia saa nne usiku. Hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, nimeua kipaimara."

Nisiwadanganye, nililala nikitunga maneno ya kwenda kumtapikia yule kijana. Nilikuwa na orodha.

Ila kuna jambo moja nililifanya sawa, na kama umefika hadi hapa basi lishike. Nilimwambia: usipige tena hata picha moja, itoe kadi, ifunge kwenye karatasi, umpe kondakta wa basi la kesho. Kadi ikifutwa hivyo, picha zenyewe kwa kawaida bado zimo, kilichofutwa ni orodha tu ya mahali zilipo, kama daftari la mahudhurio kuchanwa wakati watoto wamo darasani. Zitapotea kweli utakapopiga nyingine juu yake. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec. Sura yake mbaya, maandishi meupe kwenye kiza, lakini inajua kazi. Niliiacha kwenye kompyuta, nikaenda kula.

Niliporudi ilikuwa imeshatema picha, majina yote yameliwa, kila moja inaitwa f na msururu wa tarakimu. Nikafungua ya kwanza. Askofu. Ya pili, mjukuu amefumba macho. Ya tatu, kuku. Nikapiga kelele mpaka jirani akauliza nani kafunga bao. Kipaimara karibu chote kilikuwepo.

Nikaendelea kushuka. Baada ya shangazi na sufuria za pilau, nikafungua moja nikaona barabara nyembamba, imefunikwa theluji mpaka kwenye magurudumu ya baiskeli, na nguzo ya umeme yenye waya nyingi kama nywele za mwehu. Inayofuata, mbwa mdogo wa rangi ya kahawia amevalishwa koti. Inayofuata, bakuli la tambi na yai limekatwa nusu. Halafu mzee mmoja wa kiume, kofia kichwani, amesimama mbele ya mlango wa nyumba, hacheki, lakini ametulia kabisa, kama mtu anayejua mpiga picha anampenda. Sitini na moja zilikuwa hizo. Ile kadi ya ofa ilikuja na kamera kutoka huko huko, imefutwa juu juu tu.

Nilikaa kimya kidogo. Halafu nikakumbuka. "Na picha nazo zitatoka Kijapani?" Ndiyo, mdogo wangu. Zimetoka Kijapani. Sitini na moja.

Zenye nyuso nilizifuta, si zetu. Kabla ya hapo, nakiri, nilimsomea mama kwenye simu moja baada ya nyingine ni za nini. Akaniuliza yule mzee anafanana na nani. Nikamwambia amesimama kama babu alivyokuwa anasimama. Akasema ile ya theluji isiyo na mtu nimsafishie, na imo kwenye albamu sasa, baada ya kipaimara. Wageni wakiuliza huku ni wapi, anasema, "Ni ilikotoka kamera."

Kwa hiyo mnunue au msinunue, ndilo swali mnaloningoja. Nilianza kuandika nikiwa na jibu la hapana, kubwa, la herufi nene. Washeni menyu dukani, tafuteni lugha kabla hamjatoa hata shilingi, na kadi ya ofa mkaifute vizuri nyumbani au mnunue mpya. Hapo siyumbi. Kuhusu kamera yenyewe sijui tena niseme nini. Kwa yule kijana nilishafika hatua ya kusamehe, nikakumbuka zile chipsi, nikarudi nyuma.

Halafu juzi mama kapiga simu. Dada yake wa Korogwe ameiona, naye anaitaka.

"Nitamtafutia ya Kiingereza mama, safari hii nitaangalia vizuri."

"Ya Kiingereza ya nini? Kama hii hii."

"Ya Kijapani?"

"Sasa ukimletea ya Kiingereza mimi nitamfundishaje?"

Nimezunguka maduka manne mpaka sasa. Ya namna ile, nyingine moja, ipo kwenye kabati la kioo la duka lile lile. Nimeiona kutoka ng'ambo ya barabara. Namtuma shemeji.